Kofia Iliyodondoka Mara Mbili

Wewe hapo, nina ugomvi na wewe. Tangazo likianza tu kwenye simu yako, kidole kiko tayari juu ya kile kitufe cha kuruka, kama mtu anayevizia mbu. Hujui hata lilikuwa la nini. Sikulaumu sana, mengi ni takataka: dada anatabasamu na sabuni, kaka anatabasamu na kiatu, ukoo mzima unatabasamu na ndoo ya rangi. Lakini humo humo kwenye takataka kuna watu wanaumiza vichwa kwa ajili yako, na wewe unawapita kama nguzo za umeme. Hebu tulia nikupe habari za mmoja wao.

Wanamwita Mkasi. Kazi yake ni edita, yaani mtu wa kukata picha na kuziunga. Miaka yote amekata za wengine: harusi, mahafali, hotuba za watu wasiojua kunyamaza. Mpe picha kumi za tukio moja, atakuonyesha iliyo bora kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Jicho hilo analo, anajua analo, na majigambo kidogo hayakosi. Alichokuwa hana ni filamu hata moja iliyotoka kichwani mwake mwenyewe.

Siku moja akasikia kiwanda fulani cha rangi kinatafuta tangazo la mtandaoni. Hakuaga mtu. Akaenda hadi kwa bosi, mwanaume mwenye subira fupi kuliko kidole gumba, akamwekea simu mezani.

"Bosi, fikiria hivi. Mzee anaingia kwake, nyumba imechakaa. Anapita sebuleni, anavuta kiti, anakaa, mkewe anamletea chai. Basi. Lakini ukiweka kidole kwenye skrini, nyumba ile ile inakuwa mpya, na mzee yule yule anaendelea na hatua ile ile. Ukitoa kidole, linarudi gofu. Weka, toa, weka, toa. Anayetazama ndiye anayepaka rangi."

Bosi akachezea kalamu. "Na ukikosea?"

"Sikosei."

"Sikiliza, binti. Mimi nina msichana mwenye brashi na meno mazuri, anasubiri simu yangu tu. Jumatatu niletee hicho kidole chako. Kikigoma, nampigia msichana, na wewe urudi kwenye harusi zako."

Sasa elewa ugumu uko wapi. Hizo ni filamu mbili zinazokimbia pamoja, moja imejificha chini ya nyingine. Kidole chako kinafunua tu ya chini. Kwa hiyo mzee lazima atembee sawasawa katika zote mbili, mguu kwa mguu, shingo kwa shingo. Akipishana hata kidogo, ukiweka kidole anaruka kama panzi. Na nyumba ni ya kweli. Unapiga ya gofu kwanza, unapaka, unapiga ya pili. Ukuta ukishapakwa umepakwa, huwezi kuurudisha kwenye ukoko wake.

Nyumba ilikuwa ya mama yake mdogo, na ilichakaa bila msaada wa mtu. Plasta imebanduka chini ya dirisha, sakafu ina kishimo pale pale kinapokaa kiti cha baba mdogo, kabati la vioo limejaa glasi zisizoguswa kwa sababu zinangoja wageni wa maana. Mama mdogo alikubali kabla hajamaliza kuombwa.

"Na choo wapake," alisema.

"Ma'mdogo, choo hakimo kwenye tangazo."

"Basi kitie."

Baba mdogo, dereva wa lori aliyestaafu, alikubali alipoambiwa kazi yenyewe ni kutembea na kukaa. Alisema hayo ameyafanyia mazoezi maisha yake yote.

Kamera Mkasi aliifunga kwenye kigari cha kusukumia watoto. Akapigilia mbao mbili sakafuni kando ya ukuta ziwe reli yake, ili kipite njia ile ile kabla na baada ya rangi. Akaanza. Baba mdogo akaingia na uso wa mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Ba'mdogo, usiitazame kamera."

"Siitazami. Inanitazama yenyewe."

Wakarudia mpaka mama mdogo akaanza kulalamikia chai inayopoa. Mume wake akamjibu, yeye akajibu zaidi, mambo ya viatu vyenye matope sebuleni, na baba mdogo akaingia safari hiyo akiwa amenuna kwelikweli, kamera kaisahau kabisa. Akavuta kiti. Akakaa. Mguu wa kiti ukazama kwenye kishimo, mzee akayumba, kofia ikamruka kichwani kwenda nyuma, na mkono wake bila hata kuangalia ukaidaka hewani mgongoni kwake kama anayenyakua nzi. Akaivaa. Mkewe, aliyekuwa anakaribia nyuma yake, akafika na chai, trei mikono miwili, kama hakuna lililotokea.

Mkasi alijiuma mdomo asicheke. Hii hii. Hakuna tena. Akaichomoa kadi kwenye kamera.

Fundi rangi akaingia na watu wake. Ukuta ukawa wa njano laini, dirisha likapata fremu nyeupe, na choo kikapakwa, usiniulize kwa bajeti gani. Mama mdogo akasimama juu ya fundi na mikono kiunoni: "Na hicho kishimo, hukioni?" Fundi akakiziba kwa saruji, akasawazisha safi.

Ndipo Mkasi akakaa kuitazama picha yake upya, apange hatua za filamu ya pili, akajishika kichwa. Alikuwa amefanya kosa ambalo edita peke yake ndiye anaweza kulifanya. Kazi ya edita ni kuchagua bahati: kati ya picha nyingi, unachukua ile ambayo kitu cha ajabu kimejitokeza. Hapa alitakiwa achukue picha inayoweza kurudiwa, hata kama haina utamu. Na kwenye picha zile nyingine zote mzee alikuwa na uso ule wa kitambulisho. Hii moja tu alikuwa mtu. Sasa yule mtu lazima adake kofia bila kuangalia kwa mara ya pili, kwenye sakafu isiyo na kishimo.

Jumapili asubuhi, jua lilipogusa kona ya kabati kama lilivyogusa siku ile, wakaanza. Chini ya mguu wa kiti Mkasi aliweka kizibo cha soda, ili kiti kiyumbe. Sikioni mwa baba mdogo akatia kisikilizio chenye sauti yake aliyoirekodi, inayomwongoza: ingia, tembea, vuta kiti, kaa, yumba, kofia.

Mzee akaingia. "Sawa mwanangu," akasema.

"Ba'mdogo, hiyo sauti haihitaji jibu."

"Nikiambiwa kitu na mtu nisimjibu? Nimelelewa wapi?"

Kofia ikaanguka sakafuni. Ikaanguka chini ya kabati. Ikatumbukia kwenye chai. Mkasi akaifunga uzi mwembamba ili irudi mkononi yenyewe, ikarudi kwa kasi ikampiga mzee jichoni. Kila mara mama mdogo aliweka trei chini, akainama, akaiokota, akaipangusa.

"Mume wangu, siku ile uliidakaje?"

"Sikuidaka. Ilikuja."

"Basi iambie ije."

Jua lilikuwa linaanza kuikimbia kona ya kabati. Likitoka pale, kivuli cha dirisha hakilingani tena na cha filamu ya kwanza, na kazi imekwisha. Mkasi alijiona tayari akikata hotuba ya mkuu fulani wa chama fulani, mkono shavuni. Akasukuma kigari mara ya mwisho.

Mzee akaingia. Akatembea, safari hii vizuri, amechoka vya kutosha kuisahau kamera. Kiti. Yumba. Kofia ikaruka nyuma, mkono wake ukapapasa hewa, ukakosa. Na mama mdogo, aliyekuwa anafika na chai, akaachia upande mmoja wa trei, akanyoosha mkono, akaidaka. Akamvalisha mumewe, akakipigapiga kichwa chake kidogo. Chai haikumwagika hata tone.

"Kata," Mkasi akasema kwa sauti ya mgonjwa. "Ma'mdogo, kwa nini?"

"Nimechoka kuinama."

Jua likahama. Hakukuwa na nafasi nyingine.

Mkasi akazibeba filamu zake mbili mpaka kwenye meza ya kulia chakula, akazilaza moja chini ya nyingine kwenye kompyuta. Kofia ilitoka kichwani pumzi ile ile. Ilisimama hewani pumzi ile ile. Mkono tu ndio haukuwa wa mtu mmoja. Akaweka kidole: sebule ya njano, mkewe anaidaka. Akatoa: gofu, mzee anaidaka mwenyewe, peke yake. Akaweka tena. Akatoa. Akaita watu wa nyumbani, wakaja, wakagombania kugusa.

"Hapa ndipo nilipoidaka," akasema baba mdogo.

"Hapo ndipo nilipokuokoa," akasema mama mdogo, na wote wawili walikuwa sahihi.

Jumatatu bosi aliweka kidole. Alitazama mpaka kwenye kofia, akakomea hapo.

"Rudisha."

Mkasi akarudisha.

"Mbona huku anadaka mzee, huku anadaka mama?"

Angeweza kusema ni ubunifu. Midomo ilikuwa tayari. "Ilikosewa, bosi," akasema. "Nikaipenda."

Bosi aliondoka na simu ya Mkasi mkononi, akampa katibu wake nje. Mkasi akabaki kwenye kiti, masikio mlangoni. Akasikia katibu akisema, "Mzee kaidaka vizuri." Sauti nyingine, "Mzee gani? Ni mama." "Wewe kipofu." "Lete nione." Simu ikazunguka ofisi nzima, watu wakaacha kazi zao kubishana kuhusu kofia ya dereva mstaafu, kila mmoja na kidole chake, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kitufe cha kuruka kiko wapi. Iliporudi, kioo kilikuwa kimejaa alama za vidole mpaka picha haionekani.

Bosi akakifuta kwa tai yake. "Yule msichana wa brashi," akasema, "ana meno mazuri, atapata kazi kwingine. Wewe uliyewaza hii, unawaza nini kingine?"

Mkasi alishuka ngazi za kile kiwanda mbili mbili, akikitafuta kichwani kitu kingine, na akakipata kabla hajafika chini.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Likikujia kwenye simu yako, mzee, sebule, kofia, ondoa kidole kwenye hicho kitufe. Kiweke juu ya mzee pale anapovuta kiti, ukibonyeze, ukiachie, ukibonyeze tena. Halafu niandikie hapa chini, bila kuuliza wenzako: nani kaidaka?