Kompyuta Bila Feni

Mama mkwe wangu aliletwa Shinyanga mjini kutibiwa masikio, na ndani ya kibegi chake, katikati ya khanga mbili, alikuwa na diski ya video aliyotumiwa na mwanawe kutoka ng'ambo. Masikio yalianza kuharibika zamani. Miaka mingi aliuza ugali na dagaa kule Rwamgasa, hatua chache kutoka kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, ambazo kelele zake, nakuapia, zingemwamsha mtu aliyelala Mwanza. Sasa yalikuwa yanatoa usaha. Daktari alimpa dawa ya wiki tatu na akakataza asizibe sikio kwa kitu chochote, hata pamba.

Diski ilikuwa ya siku ambayo shemeji yangu alivaa joho la kuhitimu. Alikuwa ameondoka miaka minane nyuma. Barua iliyokuja nayo ilisema, "Mama, humo ndani kuna maneno yako." Maneno gani, haikusema.

Mke wangu alimpeleka kwenye duka la Mhindi mmoja, mtu mwema, aliyekuwa na deki ya diski za aina ile, labda ya pekee katika mtaa wetu. Mimi husema katika mkoa mzima. Wakaitazama pale kaunta, wateja wakibishana bei ya vitenge, jenereta ikinguruma mlangoni. Shemeji akaonekana katika joho, akasogea kwenye kamera mpaka uso ukajaa kioo, akasema kitu kwa sauti ya chini, kisha akaondoka. Mama hakusikia hata neno moja. Mke wangu naye hakusikia. Wateja ndio waliosikia, tena kwa macho. Mmoja akasema anaomba baraka. Mwingine akasema anatangaza mchumba. Mzee mmoja aliyefuata misumari akasema, "Huyo anaaga. Mtu anayeaga namjua kwa midomo."

"Anaaga nini, babu?" mke wangu akauliza.

"Anaaga kwao, harudi tena. Wakifika huko ndivyo wanavyofanya."

Tangu siku ile mama akawa mtu wa kubembelezwa kula. Nilimsikia kupitia ukutani akimwambia bintiye, "Kama ameniaga, afadhali nijue. Nisirudi kwangu Buseresere na midomo tu." Na basi la kurudi Buseresere lilikuwa Jumamosi ya wiki ile ya tatu. Mke wangu alirudi dukani kuomba saa moja ya utulivu, akakuta deki imekwisha kuuzwa.

Nasema nilimsikia kupitia ukutani kwa sababu kwetu Usukumani mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja wala hawatazamani usoni. Kuishi nyumba moja ilikuwa ni shida ya hospitali tu. Mama alikaa sebuleni na chumbani kwa watoto. Mimi nilibaki jikoni na uani, nikikohoa kama ng'ombe mgonjwa kila nilipotaka kupita, ili ajifiche au nijifiche. "Shikamoo mama!" naitupa juu ya ukuta. "Marahaba baba," inarudi.

Wakati huo nilikuwa fundi redio, na cheti changu cha masomo ya usiku nilikuwa nimekitundika juu ya meza ya kazi, mahali ambapo hata kipofu angekiona. Nyuma ya meza ile kulikuwa na kompyuta. Nilipewa na mzungu mmoja mpima miamba kule Bulyanhulu, baada ya kumtengenezea redio za kambi. Alikuwa anarudi kwao na hakutaka kuibeba. Pamoja nayo alinipa kitabu kinene chenye diski mbili za Linux, yaani ile programu mama inayoendesha kompyuta, lakini ya aina ambayo unaruhusiwa kuifungua tumbo na kubadili utakacho. Kwa fundi redio hakuna zawadi tamu kama kitu unachoruhusiwa kukifungua. Nilikisoma kitabu kile mara arobaini. Sawa, mara nne.

Nikamwambia mke wangu, "Diski ya kaka yako itachezwa hapa nyumbani."

"Kwa lile jiko lako la umeme?"

Aliita hivyo kwa sababu ya joto na makelele. Mama akiwa chumbani, nikaihamishia sebuleni na kuiunga na televisheni kwa waya mfupi, kwa kuwa kadi ya picha ilikuwa na tundu lake, nikaingiza diski, na picha ikatoka safi. Nikatoka nje mbio, mama akaingia. Baada ya dakika chache mke wangu akaja uani.

"Anasema ni karasha."

"Nini ni karasha?"

"Kompyuta yako. Anasema umemrudisha Rwamgasa."

Ilikuwa kweli. Feni zilivuma kwa sauti ileile nzito ambayo masikio ya mama yalishindwa kuichambua. Tulipoongeza sauti ya televisheni, makofi ya ule ukumbi yalimchoma, akashika kichwa. Vile vispika vya kuvaa masikioni daktari alikuwa amevikataza. Nikaona nihamishie mashine jikoni na kurefusha waya wa picha, lakini shemeji na walimu wake wote wakawa kijani kama kisamvu. Basi ikabaki njia moja: kompyuta ikae palepale sebuleni, na inyamaze.

Hapo ndipo nilipolewa na jambo hili, na ndani ya kichwa changu mama na diski vilisogea pembeni kidogo, naomba radhi. Nilitaka kujua kelele inatoka wapi hasa. Kwanza nilifanya kosa la mtu mwerevu: niliizungushia godoro la sponji. Ikanyamaza vizuri sana, dakika sita, kisha picha ikaganda na nyumba ikanuka kama tairi linaloungua. Mke wangu akasimama mlangoni akanusa.

"Fundi, umeivika koti mashine yenye homa."

Nikaivua. Nikachukua kijiti cha ufagio, nikawa nasimamisha feni moja moja na kusikiliza, kama daktari anavyogonga mgongo wa mgonjwa. Wapiga kelele walikuwa watatu: feni ya boksi la umeme, feni iliyokaa juu ya ubongo wa kompyuta, na kile kisomea diski, ambacho kilipokuwa kinazunguka kilipiga yowe.

Kisomea diski kilikuwa rahisi. Niliiamuru Linux inakili filamu nzima ndani ya diski kuu ya kompyuta, na kisomea nikakichomoa. Boksi la umeme nalo nililihamishia jikoni kwangu, nikapitisha umeme wake katika tundu la hewa kwa nyaya nene za betri ya gari, kwa sababu nyembamba zingeula umeme njiani. Ubongo ndio ulionikosesha raha. Bila feni ulichemka. Nikaenda kwa mafundi wanaosubu sufuria kwa alumini chakavu, nikawaomba wanimwagie kipande kinene kama tofali dogo.

"Sufuria gani hii haina shimo?" mmoja akauliza.

"Ya kupikia akili."

Wakacheka mpaka kalibu ikayumba. Nilikikata kipande kile mifereji kwa msumeno wa chuma kwa siku mbili, viganja vikatoka malengelenge makubwa kama mayai ya kanga, nikakibandika juu ya ubongo kwa ile dawa nyeupe tunayopaka transista za redio zipate kupoa. Kisha nikapunguza kasi ya mashine kidogo kidogo, nikitafuta mahali ambapo picha haikwami na alumini haiunguzi kidole. Nilipopapata, nikavihamisha vyote katika boksi la bati lisilozidi kreti ya soda. Nikaiwasha. Nikadhani haijawaka. Niliinama nikaweka sikio kwenye bati, nikasikia diski kuu tu, ikikwaruza kama panya mwenye adabu.

Ilikuwa Alhamisi. Nikajiona nimemaliza. Mke wangu akauliza swali ambalo kitabu changu hakikuuliza.

"Na nani ataianzisha?"

Maana Linux ile ilipowaka ilileta kioo cheusi, ikataka jina, ikataka neno la siri, kisha amri ndefu. Mimi siwezi kukaa na mama; mke wangu hajui amri. Nikarefusha waya wa kibodi hadi jikoni, nikawa naandika bila kuona.

"Imesemaje?" napiga kelele kupitia tundu la hewa.

"Imeandika mistari mingi!"

"Wa mwisho unasemaje?"

"Kizungu!"

"Nisomee herufi!"

"Ko… ma… Baba watoto, mama anauliza kama unagombana na mtu huko."

Tukaacha. Usiku ule sikwenda popote, nilikirudia kitabu. Nikagundua jambo lililonifurahisha kuliko cheti changu chenyewe: kila kitu ambacho Linux hufanya inapoamka kimeandikwa mahali, kwa maandishi ya kawaida, mstari juu ya mstari, na kitabu kinakuambia wapi. Yaani asubuhi yake yote ipo kwenye karatasi! Nikaongeza mstari mmoja mwishoni: cheza filamu, ikiisha cheza tena. Na kwa kuwa mashine hizo huugua ukizikatia umeme ghafla, nikaiagiza iwe inasoma tu, isiandike kitu. Mwisho nikafunga swichi ya taa ukutani sebuleni, ya kawaida kabisa, ikawa ndiyo inayowasha boksi la umeme kule kwangu. Mtu yeyote anayejua kuwasha taa angeweza kuiendesha.

Ijumaa alasiri, saa tisa, mke wangu alimkalisha mama mbele ya televisheni. Mimi nilikaa juu ya gunia la mkaa jikoni, karibu na boksi langu la umeme, nisione kitu. Nikasikia swichi. Boksi likavuma kwangu, peke yangu. Dakika mbili zikapita, na hiyo ndiyo sala ndefu kuliko zote nilizowahi kusali. Kisha makofi ya ukumbi, kwa mbali, sauti ikiwa imepunguzwa. Makofi yakaisha.

Nilibonyeza sikio ukutani lakini boksi lilinizibia. Kwa hiyo mwenye nyumba mzima, fundi mzima, sikusikia alichosema shemeji.

Nilichosikia ni mama. Alitoa sauti kama mtu aliyejikwaa. Nikasema moyoni, ameaga kweli. Kisha sauti ile ikapanda, ikakatika, ikapanda tena, na mke wangu akaingia jikoni akijishika mbavu, machozi yamemjaa, na ilinichukua muda kuelewa kuwa wote wawili walikuwa wanacheka.

"Amesema nini?"

Akakaa chini sakafuni. "Amesema kwa Kisukuma. Amesema, 'Mayu, mama yangu, viatu hivi vinaniua. Nimevivaa tangu alfajiri.'"

"Basi?"

"Basi! Mkutano mzima ule, maprofesa wote wale, anakuja kumnong'oneza mama viatu."

Sebuleni filamu ilikuwa imeanza upya yenyewe, kama nilivyoiagiza. Mama akamnyamazisha jirani aliyechungulia dirishani, "Shh! Anakuja, anakuja sasa." Ikafika pale, akacheka tena, kisha akawa anamjibu kwenye kioo, kwa sauti ya mtu anayemgombeza mtoto mlangoni. Aliitazama mpaka ugali ukaiva, na ugali akaula wote, na mboga akaongezewa.

Baada ya kula akamwita bintiye, lakini kwa sauti ya kutosha kufika jikoni.

"Mwambie mume wako achukue karatasi. Kesho naondoka, barua iende kesho."

Nikachukua kalamu nikakaa tayari kwenye gunia langu. Mke wangu akasimama mlangoni, kati yetu, kupokea maneno na kuyapitisha. Mama akaanza.

"Andika: avivue."

Mke wangu akanigeukia. "Anasema avivue."

"Nimeandika. Na nini tena?"

"Anauliza na nini tena, mama."

"Kwani hajaelewa? Avivue tu."