Fukusi wa Mbaazi

Nilikuwa na chupa mbili za jemu, nimezifunika kwa kitambaa cha kanga kuukuu na kuzifunga kwa uzi. Moja ilikuwa na fukusi waliozaliwa ndani ya kunde, nyingine na fukusi ambao bibi zao niliwatoa kwenye kunde hizohizo nikawalazimisha kutaga kwenye mbaazi. Mwanzoni walikataa. Walizitembelea mbaazi juu na chini, wakashuka, wakapanda kitambaa kutafuta pa kutokea. Wachache tu walitaga, na watoto wao walikuwa wachache vilevile. Nilikuwa Kidato cha Kwanza, sikuwa na kitu kingine cha kujivunia, nikaendelea.

Kufikia Kidato cha Tatu niliandika katika daftari langu vizazi kumi na viwili. Sasa ukichanganya kunde na mbaazi kwenye sahani, majike wa chupa ya mbaazi walikwenda kwenye mbaazi bila kusita. Asubuhi ungeona mayai yamegandishwa juu ya punje, vidoa vyeupe. Hata nilipowalea watoto wao kizazi kizima ndani ya kunde tupu, wale mabinti walipotoka walirudia mbaazi. Mwalimu wetu wa Biolojia aliposikia hilo aliacha kusahihisha madaftari.

"Hapo hawajajifunza, binti," aliniambia. "Wamerithi. Wanaosita huacha watoto wachache, wasiosita ndio wanaojaza chupa. Shule ikifunguliwa baada ya likizo, waonyeshe wenzako. Ikiwa ni kweli, utakwenda na chupa zako kwenye maonyesho ya sayansi Mbeya."

Mimi ni mtu wa kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa kunyoosha kidole nusu. Lakini nilitaka kwenda Mbeya kuliko nilivyoogopa kusimama mbele ya watu.

Likizo ya Juni mama alinichukua kwenda kijijini Mpui kwa bibi, wiki mbili za kuvuna ulezi. Nyumba yetu ingebaki bila moto, na baridi ya nyanda zetu za juu za Ufipa mwezi huo ingewaua fukusi. Mwenzangu wa dawati alikaa mtaa wa Chanji, kwao meko hayazimiki mchana kutwa, kwa sababu mama yake, mtu wa Mbeya, alikuwa na duka la nafaka na wafanyakazi wa kulishwa. Mwenzangu huyo ndiye mtu pekee niliyewahi kumsomea daftari langu. Nilimpa chupa zote mbili.

"Nitawalinda kama mayai ya kuku," alisema akicheka. "We nenda kavune, mama fukusi."

Niliporudi alinikabidhi chupa. Wadudu walikuwa wengi, wanakimbia. Nilimkumbatia.

Siku ya kuonyesha, sahani mbili zilikaa mezani tangu jana yake, zimefunikwa. Mwalimu aliita wavulana wawili wahesabu mayai kwa sauti. Sahani ya fukusi wa kunde ilikuwa kama nilivyosema. Kisha wakaja kwenye ya fukusi wa mbaazi.

"Kunde, arobaini na moja. Mbaazi, mbili."

"Hesabuni tena," mwalimu alisema.

Wakahesabu tena. Mbili.

"Fukusi wamekukana, dada!" mmoja alipiga kelele kutoka nyuma. "Wanataka kwao!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwenzangu naye alicheka, mkono mdomoni. Mwalimu alifunika sahani. "Kaa, binti. Mbeya tutapeleka jokofu la mkaa walilotengeneza wavulana."

Siku tatu niliamini nilijidanganya miaka miwili. Ya nne, nikifua, akili ikanijia. Tabia iliyochukua vizazi kumi na viwili kujengeka haiwezi kufutika kwa wiki mbili, kabla hata kizazi kimoja hakijapita. Fukusi wangu hawakubadilika. Walibadilishwa.

Nilikwenda Chanji. Mama yake alikuwa dukani akifunga gunia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Aa, si wewe mwenye wale wadudu? Nisamehe mwanangu. Niliwaona siku ileile ya kwanza, nikawamwagia dawa wote. Fukusi kwenye duka la nafaka! Mwenzio hakukuambia?"

Dawa yenyewe ilikuwa ile ya unga, ambayo tangu biashara iachiwe huru kila muuzaji anaipima kwa kijiko sokoni. Mwenzangu alikuwa nyuma ya magunia. Alitoka hadi uani, nami nikamfuata.

"Si fukusi tu?" alisema. "Nilibadilisha punje, nikakutolea wengine kwenye gunia la kunde. Tena wengi zaidi."

"Kwenye chupa zote mbili?"

"Zote."

"Ungeniambia kabla sijasimama."

"Ungelia. Ungeninunia."

"Na ukacheka."

"Kila mtu alicheka, jamani. Ningekaa kama sanamu?"

Nilimsihi amweleze mwalimu. Akakubali, akaniapia kwa Mungu. Kesho yake nilianza mimi kumweleza mwalimu, naye akamsimamisha mwenzangu.

"Ni kweli uliwabadilisha?"

Aliangalia dirishani. "Hapana, mwalimu. Nilimrudishia kama alivyonipa."

Mwalimu alitutazama sisi wawili kwa zamu, halafu akageukia ubao. Nilikuwa na maneno ya mama yake, lakini kumwita mama mtu mzima shuleni aje amuumbue mwanawe kwa ajili ya wadudu, hilo sikuliweza. Na hata ningeliweza, fukusi wenyewe walishakufa. Hakuna mtu angeamini sasa kwamba waliwahi kuwepo, ila sisi wawili.

Madawati yalikuwa machache. Tuliendelea kukaa pamoja hadi mwisho wa muhula, viwiko vikigusana tukiandika, na kila nilipomgusa nilimwambia "samahani", kama unavyomwambia mtu usiyemjua.