Altaneta Mbili Mpya na Hasira za Fundi Orest

Saa tatu asubuhi, Jumanne, baridi ni nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri, na Orest Wasylyshyn amelala chali chini ya gari la wagonjwa wa figo akitukana. Hamtukani mtu aliyepo. Anawatukana mafundi wa gereji moja kubwa ya mjini, ambao mwezi huu wamelifungia gari hili altaneta mpya, kile chombo cha kutengeneza umeme wa gari, likarudi taa zikiwa bado zinacheza, wakafunga nyingine mpya, likarudi vilevile.

"Altaneta mbili," anasema akichomoza kichwa, ndevu zimejaa matope ya chumvi. "Na hakuna hata mmoja aliyeinama kutazama huku chini. Hata mmoja."

Orest ana miaka 58. Ni fundi umeme wa magari pekee katika mji wetu wa Halychne, Manitoba, na kazi hii ameifanya kwa miaka arobaini na miwili. Hagusi breki, na ukimpelekea gari linalovuja mafuta atakufukuza. Lakini taa zikianza kupepesa, au betri ikilala usiku na asubuhi isiamke, sote hapa tunajua pa kwenda. Mwaka jana, baada ya kulipia vipuri na gesi ya kupasha gereji joto, alibakiwa na dola elfu thelathini na nne. Anasema zinamtosha mtu asiye na safari.

Leo hana utani. Gari lililo mbele yake ni basi dogo la viti vinane, mali ya mji. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa hubeba wagonjwa wanne hadi hospitali ya mji wa Dauphin, kilomita tisini na sita, wakasafishwe damu. Ijumaa iliyopita wakiwa njiani kurudi, upepo unasukuma theluji barabarani, taa za mbele zilififia, zikarudi, zikafifia tena.

"Nilikuwa naendesha kwa kukumbuka tu barabara," anasema dereva wa basi hilo, Tillie Prokopchuk, mama wa miaka 49 ambaye kwa kawaida huwezi kumnyamazisha. "Nyuma wanasali. Nikawaambia salini kimoyomoyo, mnanichanganya."

Halmashauri imechoka na gari hili. Keshokutwa, Alhamisi, itapiga kura: liuzwe kwa bei ya chuma chakavu, huduma ifungwe, na wagonjwa wahamie Dauphin. Nimekisoma kikaratasi cha ajenda. Jambo hilo limepewa mstari mmoja, chini ya suala la uzio wa uwanja wa magongo. Nilitaka kukichana. Ni rahisi sana kumwambia mtu ahame ukiwa na figo zako zote mbili.

Mmoja wa hao wanne ni Metro Kuzyk, mwenye miaka 77, ambaye mji mzima humwita Mjomba. Amekuja mwenyewe gereji asubuhi hii, amekaa kwenye kiti karibu na jiko, kofia ya manyoya magotini. Mke wake amezikwa hapa. Ameshaniambia, bila kunung'unika, kwamba huduma ikifungwa yeye hatahama. Atabaki nyumbani kwake na hatakwenda tena kusafishwa damu. Daktari amempa wiki mbili za kuishi namna hiyo, pengine tatu.

Gereji hii ilikuwa yake. Orest aliingia hapa akiwa na miaka kumi na sita, na kila anachokijua cha mwanzo alikitoa kwa mzee huyu. Ndiyo maana Orest hawezi kutulia leo.

Anawasha injini, anawasha taa, kisha anafungua kipasha joto mpaka mwisho. Taa zinaanza kupepesa ukutani. Anachukua kipimo chake cha umeme, cha zamani, kimefungwa utepe mweusi pembeni. Anapima kwenye altaneta yenyewe: volti 14.4. Nzima kabisa. Anapima kwenye betri: 12.4, na namba hazitulii.

"Umeona?" ananiambia. "Umeme unatengenezwa, haufiki. Volti mbili zinapotelea njiani. Sasa wewe ukiona maji hayafiki jikoni, unanunua kisima kipya?"

Anafuata njia. Anapima upande wa chanya, kutoka altaneta hadi betri, na kukuta upotevu mdogo usio na maana. Anahamia upande wa hasi: ncha moja ya kipimo kwenye chuma cha injini, nyingine kwenye kichwa cha hasi cha betri. Kipimo kinaonyesha volti 1.9. Orest anarudi chini ya gari na matusi yake.

Anatoka na waya mkononi. Ni ule mnene uliosukwa, unaounganisha injini na upande wa hasi wa betri. Kwa nje una ganda safi jeusi. Anaukunja kidogo tu, nao unakatika, na ndani yake unamwagika unga wa kijani. Chumvi inayomwagwa barabarani kila majira ya baridi imeutafuna kwa miaka, kimyakimya. Wale waliofunga altaneta mbili lazima waliuegemea kwa viwiko vyao.

Nikamuuliza waya kama huo unauzwa kiasi gani. "Haufiki bei ya chakula cha mchana," alisema. Nikaona aibu ya kuuliza.

Saa nne na nusu waya mpya umefungwa. Injini inaunguruma, kipasha joto kimefunguliwa mpaka mwisho, na taa zimetulia tuli. Kwenye betri, 14.3. Tillie anafungua sufuria ya majani ya kabichi yaliyofungiwa wali ndani aliyokuja nayo, na anasema kama Orest angekuwa na tabia nzuri kidogo angemtafutia mke. Orest anacheka kwa mara ya kwanza. Anaingia ofisini kumpigia simu katibu wa halmashauri amwambie gari limepona.

Na hapo ndipo tulipoharibu.

Hapa kwetu kila mtu anajua kipimo cha wazee. Ukitaka kujua kama gari linachaji, washa injini, kisha chomoa waya wa betri. Injini ikiendelea kuzunguka, altaneta ni nzima, ikizima, imekufa. Baba zetu walipima matrekta yao hivyo, nayo yalivumilia. Magari ya leo hayavumilii. Betri ndiyo inayomeza umeme wa ziada. Ukiiondoa ghafla, umeme wote hukosa pa kwenda na kurukia kompyuta ya gari. Majira ya baridi yaliyopita peke yake, Orest aliletewa magari kumi na moja yaliyouawa kwa njia hiyo. Ameandika ukutani kwa rangi nyekundu: USICHOMOE BETRI INJINI IKIWAKA. Mjomba Metro hasomi bango la mwanafunzi wake.

Alinyanyuka kitini taratibu, akaenda mbele ya gari, akachomoa. Kichwa cha hasi kilikuwa kimebanwa kwa mkono tu, Orest alikuwa bado hajakikaza kwa spana. Taa ziliwaka nyeupe hadi nikafumba macho. Kitu kikapasuka, pa! ndani ya boneti. Ikaja harufu ya plastiki iliyoungua, injini ikazima.

Orest alitoka mbio, simu bado mkononi, na katibu bado yuko hewani.

"Mjomba, umefanya nini?"

"Nimepima," mzee alijibu. "Hicho kidude chako mimi sikiamini."

"Hilo si trekta!"

"Ndivyo nilivyokufundisha."

"Ulinifundisha vibaya. Na mimi nikaja kuunguza gari la padri, nikamwambia ni mapenzi ya Mungu. Unanisikia? Ulinifundisha vibaya."

Sijawahi kumsikia mtu yeyote hapa akimpigia Mjomba kelele. Tillie aliifunika sufuria. Orest aliipiga ndoo teke, ikabiringika hadi mlangoni, akasimama akiwa ameupa ukuta uso.

Mzee alikuwa bado ameshika waya. Akauweka chini polepole.

"Basi nimejimaliza mwenyewe," alisema.

Orest aliinua simu sikioni. Alimwambia katibu kwamba bila shaka amesikia, na kwamba hatamdanganya: gari lilikuwa zima kwa dakika kumi, sasa limekufa, na kosa ni lake pia kwa kuacha kichwa cha betri bila kukikaza. Katibu alisema kura iko palepale.

Nilirudi jioni nikamkuta Orest akiifungua kompyuta iliyoungua, mzee akimshikia tochi. Amepata nyingine jijini Winnipeg, kwenye uwanja wa magari mabovu, nayo itafika kesho jioni. Hana uhakika kama itakubaliana na gari. Anasema ni nusu kwa nusu. Kesho wagonjwa wote wanne watapanda gari lake mwenyewe, Tillie ataliendesha, na yeye atabaki hapa kusubiri kifurushi.

Lakini Alhamisi, gari liwake lisiwake, atakwenda kwenye kikao. Atauweka ule waya uliooza mezani, na kando yake kompyuta iliyoungua.

"Sitakwenda kuomba," anasema, hasira bado imo sautini. "Nitawaambia huu ni uzembe wa mjini na huu ni ujinga wetu sisi. Halafu nitamuuliza kila mmoja kwa jina lake kama hajawahi kuchomoa waya wa betri injini ikiwaka. Ambaye hajawahi, huyo ndiye anyooshe mkono wa kumwacha Mjomba afe."

Mzee anasogeza tochi karibu zaidi na mikono ya fundi.

"Hayupo," anasema. "Wote nimewafundisha mimi."