Masaa Aliyonyimwa Baba

Niliisikia sauti kabla sijafumbua macho: mtu akisoma kwa Kifaransa, katikati ya mikwaruzo ya redio, mahali zilipofika mashua za tanga katika bahari ya kusini. Baba alikuwa ameamka. Kila mbio hizo zilipofanyika alizifuata hivyo, chai mkononi, kabla ya kushuka bandarini Goma kuendesha boti ya mizigo ya kisiwa cha Idjwi, ng'ambo ya ziwa. Bahari yenyewe hajawahi kuiona.

Historia ya mbio hizo nimeipata kwake. Zamani, alisema, matajiri wa Amerika waliwekeana dau nani atatangulia kuvuka Atlantiki. Mabaharia wa kuajiriwa wakasombwa na mawimbi, na mshindi akashangiliwa vilevile. Miaka mingi baadaye wakaja wanaozunguka dunia peke yao. Dhoruba zikaua, sheria zikaandikwa. Moja aliipenda kuliko zote: ukiacha njia yako kumwokoa mshindani anayezama, waamuzi wanapima safari yako na kukurudishia masaa uliyopoteza.

Mwaka jana, akirudi kutoka Idjwi na shehena ya nanasi, aliukuta mtumbwi wa abiria, pirogi, umepinduka. Alizima mota, akatupa vikapu ziwani ili kupata nafasi, akavuta watu ndani. Wote walifika wazima. Soko la asubuhi likampita. Katika daftari la boti, ambamo makapiteni wengine huandika "mota", yaani imeharibika, kwa kila kuchelewa, yeye aliandika: Nilisimama kuokoa watu.

Mwenye boti alimfukuza kwa mstari huo.

Nilimsindikiza baba ofisini kwa mwenye boti kuomba arudishiwe usukani. Mimi ndiye niliyeeleza, kwa hasira, ile sheria ya mashua za tanga. Mwenye boti alicheka hadi akashika tumbo, akamgeukia baba.

"Ah, mwandishi! Bale bazungu banashindania kikombe. Nanasi zangu zilifanya zambi gani?"

"Patron, walikuwa watu," nikasema.

"Na mi niko nini, samaki?"

Kisha akaacha kucheka. Akasukuma daftari mbele ya baba, kalamu juu yake.

"Muzee, sikia. Weye ni kapiteni muzuri. Futa ile, andika 'mota', kesho unarudia kazi. Sababu bengine bakisoma hivi, kila mutu atasimama."

Kila mtu atasimama. Alisema hivyo kama tishio! Mpaka leo damu yangu inachemka. Wale wanaokwenda majini kwa kupenda, wenye mashua ghali kuliko mtaa wetu mzima, wamekubaliana kwamba pumzi ya mtu ina thamani zaidi kuliko kufika wa kwanza. Sisi tunaovuka ziwa kwa sababu barabara imefungwa na bunduki, sisi tunaojuana hadi majina ya bibi zetu, tunafundishwa kupita na kutazama pembeni. Kwa ajili ya nanasi.

Nilimtazama baba. Bila usukani hakuwa na kazi nyingine, na alijua. Alichukua kalamu, akaishika kidogo, nami nikaogopa, kwa aibu nakiri, kwamba ataandika. Nikaogopa pia kwamba hataandika.

Aliirudisha mezani taratibu.

"Papa," alimwambia mwenye boti kwa heshima, kama mtu anavyomwita baba, "mota ilikuwa muzima."

Akavaa kofia yake, akatoka. Mlango ukafungwa nyuma yake.