Unga wa Kadi za Shangazi

Asifiwe Mungu aliyenivusha hadi uzeeni na kuniachia kumbukumbu zangu, hata zile chungu.

Harufu ya unga ule bado naijua, kama mshumaa na plastiki vikiungua pamoja. Shangazi yangu, aliyepanga chumba kimoja Kitale, alitengeneza kadi za harusi. Aliandika kwa wino mzito, akanyunyizia unga laini wa plastiki kabla wino haujakauka, kisha akaishika kadi juu ya jiko la makaa hadi unga ukayeyuka na herufi zikavimba, zikang'aa. Likizo ya Agosti, mimi na dada yangu Nafula tulitoka kwetu Bungoma kwenda kumsaidia. Mimi nilikata kalenda kuukuu vipande vyembamba, nikavisokota kuwa shanga. Nafula, mwenye mkono mtulivu, alikabidhiwa unga.

Agosti ya Kitale ni mvua na baridi, na upepo wa mlimani uliingia ndani ukaupeperusha unga.

"Nafula, funga mlango bana," shangazi alisema. "Unga wangu wote unahamia Suam, huko mpakani."

"Si uuache uende, shangazi. Huko pia watu wanaoana."

Tulicheka, tukafunga mlango na dirisha. Kila alasiri vichwa vilituuma. Shangazi alisema ni njaa, na kwa kuwa tulipotoka kupika barazani vilipoa, tulimwamini.

Siku moja alinichukua nimsaidie kupeleka kadi kanisani. Nafula alibaki amalizie zilizosalia.

"Kichwa kinaniuma tena," alisema.

"Tukirudi tutakula," shangazi akamjibu, akauvuta mlango nyuma yetu.

Mvua ilituzuia kanisani. Tuliporudi, makaa yalikuwa bado mekundu, na Nafula amelaza shavu mezani kama aliyesinzia. Mbele yake kadi ilikuwa na unga ambao haujayeyushwa, na hakuna chembe iliyopeperuka. Shangazi alimbeba nje kwenye mvua, akamwita, akaomba hadi sauti ikamkauka.

Tulimzika Bungoma. Majirani walinong'ona juu ya uchawi, hadi tabibu wa zahanati alipotueleza kwamba makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyo na harufu, nayo huua.

Leo mjukuu wangu anauza shanga na kadi kama zile. Ana kifaa cha umeme cha kuyeyushia unga, wala hahitaji jiko. Hata hivyo, nikikaa naye, mlango huwa wazi.

"Kukhu, si tufunge? Unga unapeperuka," huniambia mimi bibi yake.

"Wacha upeperuke, Nafula."

Huchukua ufagio. Anajua jina lake lilitoka wapi.

Nawe unayesoma, Mungu akulinde pamoja na walio wako, na baridi ikija, akukumbushe kuacha mlango wazi kidogo.