Vijiti Katika Bakuli la Bibi Szeto

Bibi Szeto aliingia katika shule ile ya serikali ya Oakland, inayofundisha Kichina, akiwa ameshakata shauri: hapana. Marehemu mumewe alifundisha Kichina maisha yake yote, na watu wa ukoo waliitaja nyumba yake kuwa nyumba ya adabu. Iweje mjukuu wa mwalimu Szeto ajifunze lugha ya babu yake pamoja na watoto wa kila kabila, wengi wao wasio na hata shangazi Mchina?

Mkwewe Lorraine, Mmarekani mweusi asiyejua kurudi nyuma, aliitaka nafasi ya kusoma pale kwa bintiye Josie, na ofisi ilitaka jibu siku hiyo hiyo. Walikuwa wamekubaliana: mama mkwe aende akaone, na neno lake ndilo litakalofuatwa. Bi Mok wa chama cha ukoo alijialika mwenyewe. Ulimi wa Bi Mok hauna kufuli.

Walikaa viti vya nyuma darasani. Bibi Szeto alihesabu makosa moyoni: matamshi yale, kelele zile, na yule mtoto wa Kisamoa aliyeshika brashi ya kuandikia kama anayepigilia msumari.

"Mwenzangu," Bi Mok alinong'ona, "marehemu angeyaona haya, angefufuka ili afe tena."

"Josie hana cha kujifunza hapa," Bibi Szeto akajibu. "Mambo ya kwetu ameyanyonya nyumbani."

Ulipofika wakati wa chakula, mwalimu Hsu, msichana wa Taipei, aliwaambia watoto wawaandalie wageni wali na mboga. Josie naye, aliyeruhusiwa kushinda na darasa siku hiyo, akabeba bakuli la bibi yake kwa mikono miwili. Akaliweka mezani. Kisha akavichomeka vijiti vya kulia katikati ya wali, vikasimama wima, akarudi nyuma na kuinama mara tatu.



"Vitoe," alisema Arwa, msichana wa Kiyemeni aliyeketi karibu. "Mwalimu ametuambia, vikisimama hivyo ni vya maiti. Unamtakia bibi yako kifo?"

Mwalimu Hsu akabadilika rangi. Bi Mok aliziba mdomo kwa kiganja, lakini macho yake yalikuwa wazi, yanakusanya ya kusimulia. Lorraine, aliyesimama mlangoni, hakujua kosa ni nini. Alijua tu kwamba ni la mwanawe.

"Amefanya nini, mama?" akauliza.

Bibi Szeto akavitazama vile vijiti. Njia ya kutokea ilikuwa pale pale, nyeupe. Angesema tu: ndiyo haya mnayowafundisha? Mwalimu, kwa umri wake, asingethubutu kumbishia mzee. Josie angebaki nyumbani, na jina la Szeto lingebaki safi. Alikwisha fungua kinywa.

"Kwani si ndivyo unavyomfanyia Babu?" Josie aliuliza.

Kila asubuhi, mbele ya picha ya marehemu, Bibi Szeto husimamisha vijiti vya ubani katika bakuli la wali mkavu, kisha huinama mara tatu. Mtoto humtazama. Akiuliza, huambiwa akavae viatu, watachelewa. Kwa akili yake ya miaka sita, hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote katika nyumba ile, na leo alikuwa amemletea bibi yake.

Bibi Szeto akavichomoa vijiti, akavilaza mezani.

"Ameyaona kwangu," alisema, kwa sauti ya kumfikia Bi Mok. "Ameona tu, hakufundishwa. Kosa ni la nyumba ya Szeto, shule haimo."

"Basi twende, dada," Bi Mok akasema taratibu. "Tumeona ya kutosha."

Bibi Szeto hakuinuka. Arwa alikuwa amekwisha ondoa bakuli lile na kuleta jingine, vijiti vikiwa vimelazwa ubavuni.

"Karibu, Bibi. Anza wewe. Sisi hatuli kabla yako."

Kweli, hakuna mtoto aliyekuwa amegusa chakula, hata yule Msamoa, ambaye shingo ilikuwa imemrefuka kwa njaa. Bibi Szeto akamvuta Josie ubavuni pake. Kabla ya jioni mtaa mzima ungekuwa na habari, alilijua hilo.

"Lorraine," alisema, "nenda ofisini kabla hawajafunga. Waambie nafasi tunaichukua."

Kisha akashika vijiti, akala kwanza.