Kaburi la Jambazi wa Temeke

Nilianza kumwonea wivu yule jambazi kabla sijaota ndevu. Mama alikuwa akitusimulia habari zake sebuleni kwetu Temeke: alivyosimamisha lori la vitenge akagawa mzigo mtaa mzima, alivyozingirwa na polisi chooni, na mlango ulipovunjwa akatoka paka. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Baba, karani wa ghala, alikuwa palepale akipiga pasi shati lake la kesho. Sikuwahi kumwona mama akicheka namna ile kwa ajili ya baba. Iliniuma sana.

Nilipokuja kuwa mtengeneza filamu, watu walidhani namtafuta yule mtu kwa mapenzi. Thubutu! Nilitaka kumuumbua. Baba alikuwa amekufa, hakuna aliyemtaja tena, na mwizi yule bado anasimuliwa vibarazani kama nabii. Mwaka mzima nilitoka kwangu Boko na kamera yangu kwenda kuhoji wazee wa Temeke. Kila mmoja aliapa kwamba jambazi alikuwa akila kwake. Kwa maelezo yao, mtu yule asingepata hata nafasi ya kuiba.

Mwishowe mchimba makaburi mmoja, tukiwa tunakunywa kahawa barazani kwake, akanielekeza lilipo kaburi la jambazi.

"Halina jina," alisema. "Ila kuna mama mmoja huja kulisafisha kila Shaabani, Ijumaa ya kwanza, asubuhi. Labda alikuwa mtu wake."

Nilifurahi kupita kiasi. Filamu yangu imepata mwanamke!

Ijumaa hiyo, mwaka jana, nikatega kamera nyuma ya ukuta wa makaburi. Akaja amejitanda khanga, na panga na chupa ya marashi mkononi. Akafyeka, akang'oa magugu kwa vidole, akanyunyiza marashi taratibu. Aliponyanyuka kunyoosha mgongo, nikamwona uso. Alikuwa mama yangu.

Hasira zikanipanda. Kaburi la baba lilikuwa hatua chache tu kutoka pale, na majani yake yalinifika kiunoni. Niliiacha kamera, nikamwendea.

"Shikamoo," nilisema, maana hata ukiwa umefura, mama ni mama.

"Marahaba."

"Ulikuwa unampenda huyu?"

"Nani? Mie?" Akacheka kicheko kilekile cha sebuleni. "Huyu alituibia redio!"

"Sasa mbona unamsafishia kaburi, na la baba limekuwa pori?"

Kicheko kikaisha. Akafuta panga kwa majani, upande mmoja kisha wa pili.

"Huyu alipokufa ndugu zake walimkana. Hata wa kumwosha hakupatikana. Baba yako ndiye aliyemwosha, akamzika, na kila Shaabani akaja kumfyekea. Hakutaka kutangaza. Alisema huyu hana mtoto. Alipoondoka yeye, nikaishika mie kazi yake."

Mwaka mzima nilikuwa nimewahoji wazee kuhusu jambazi, na sikuwahi kumuuliza mama lolote kuhusu baba.

"Na la baba je?" niliuliza.

"Baba yako ana mtoto. Namsubiri huu mwaka wa tatu."

Akanikabidhi panga.